Ukucha wa Fundi

Ukitaka kujua kama Fundi ameikubali kazi yake mwenyewe, usimtazame usoni. Uso wake hausemi kitu. Umekaa vile vile tangu niko chekechea, kama picha ya kitambulisho. Tazama kidole gumba cha mkono wa kulia. Akimaliza kuunganisha mbao mbili anafumba macho, anatanguliza ukucha wa gumba, anauburuta polepole kutoka mbao ya kwanza hadi ya pili. Ukucha ukipita bila kujua kwamba umevuka mpaka, anasema, "Hmm." Ukikwama, hata kwa unene wa unywele, anasema, "Nimesikia," halafu anabomoa kila kitu.

Mlango wetu wa jikoni ulibomolewa mara tatu kwa ajili ya "nimesikia." Wiki nzima tulikaa na pazia mahali pa mlango, na mbuzi wa jirani akawa anaingia na kutoka kama mpangaji.

Sijui Fundi alizaliwa lini. Nilimwuliza siku moja, akaniambia alizaliwa asubuhi na tangu hapo yuko macho. Ukoo wake nao siwezi kukusimulia, kwa sababu hapa Manga ukianza kutaja koo utamaliza ukiwa umejikuta ndugu wa kila mtu, pamoja na yule uliyekuwa unampangia mambo. Inatosha kujua kwamba shamba lake na letu yanatenganishwa na ua wa miti, kwamba karakana yake iko ukingoni kabisa mwa mteremko, na kwamba ukiangusha msumari mlangoni pake unaweza kuuokota kwa watu wengine.

Mimi alikuwa ananiita Butu. Nakula kucha. Nilianza nikiwa darasa la pili na sikuwahi kupata sababu ya kuacha, maana kucha ni chakula ambacho huhitaji kuomba. Fundi alinikamata mkono siku yangu ya kwanza karakanani, akaugeuza huku na huku kama anayenunua parachichi, akasema, "Mtu asiye na kucha ni msumeno usio na meno. Wewe utajuaje kama dunia imeungana?"

Hilo ni swali la kumwuliza mtoto wa kidato cha pili kweli?

Nilifika kwake kwa adhabu. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani wiki mbili kutoka shule ya bweni karibu na Kisii mjini, kwa kosa ambalo mpaka leo naliona ni kipaji: niliiga sauti ya mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti na kutangaza kwamba jioni kutakuwa na chapati. Wasichana mia kadhaa walishangilia. Mpishi mmoja alilia. Mamangu alinivusha ua bila hata kuniuliza habari ya safari.

"Fundi, mchukue huyu. Ukimaliza naye, kama kuna mabaki nirudishie."

"Anaweza kushika nini?" Fundi akauliza.

"Maneno."

"Hayo yako mengi hapa. Tutamtafutia kitu kizito."

Kwa hiyo nilimjua vizuri, tena kwa karibu, na nataka kusema bila kumpaka mafuta: alikuwa mtu wa kukera. Alikuwa na misemo ambayo hakuna aliyemwomba. Ukiacha nafasi kati ya mbao na mbao, alisema, "Pengo ni mdomo. Liache tu, litakuja kutaja jina lako mbele ya watu." Ukifagia vibaya, alisema takataka si adui, ni barua, soma kwanza ndipo ufagie. Nilisoma. Ilikuwa takataka.

Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa zile nyuzi za zamani, na jua la Ijumaa likizama alikuwa anaweka chini chochote alichoshika. Kuna mwanamke mmoja wa Ikonge ambaye hajamsamehe mpaka leo. Fundi alikuwa anamwezekea jikoni, limebaki bati moja, jua likazama. Akashuka ngazi.

"Bati moja tu, Fundi," yule mama akamsihi.

"Jua nalo ni moja tu, mama."

Mvua ilinyesha Sabato nzima. Yule mama anasema chai alikunywa ikiwa imeshajichuja yenyewe.

Sasa mtu huyo huyo aliyehubiri kwamba kiburi ni mchwa hakukubali kukalia kiti chochote kanisani ambacho hakukitengeneza yeye. Akienda kanisa la wageni anasimama, anasema mgongo unamsumbua. Mtu huyo huyo aliyevunja mlango wetu mara tatu, meza yake ya karakana ilikuwa na mguu mfupi, na miaka yote niliyomjua ilisimama kwa kukunjiwa karatasi chini. Majeneza aliyafanyia mtihani wa ukucha kama vitu vingine. Nilimwuliza nani atapitisha ukucha huko ndani.

"Mwenye nyumba," akasema.

Niliota ndoto mbaya siku mbili.

Mke wake, ambaye kijiji kizima tunamwita Magokoro, yaani nyanya, alikuwa mchuma chai na mtu wa pekee aliyeweza kumkatiza. Alikuwa na kucha mbili ndefu za kazi, wa kidole gumba na wa kidole cha shahada, ngumu na za kijani kibichi pembeni kwa kuvunja majani machanga tangu enzi na enzi. Fundi akizidisha hotuba, Magokoro alikuwa anamwambia kwa upole, "Omogaka," yaani mzee, "wageni wamechoka." Hata kama mgeni ni mimi tu. Hata kama mgeni ni kuku.

Halafu likaja lile sanduku.

Mtoto wao wa kiume ni daktari wa meno Nairobi, na hapa nyumbani hana jina jingine ila Daktari. Alifika likizoni na sanduku refu limefungwa juu ya gari, na kabla hajazima injini watu watatu walikuwa wameshaliona kule barabarani na kupiga hesabu yao. Sanduku refu, jembamba, linapelekwa kwa Fundi: kuna mtu amefariki, tena mrefu. Kufikia saa kumi akina mama sita walikuwa wamekaa sebuleni kwa Magokoro na sukari na majani ya chai, mikono shavuni.

"Ni nani?" wakamwuliza.

"Hakuna aliyekufa," Magokoro akasema. "Lakini sukari tusiisumbue tena, imeshafika."

Ndani kulikuwa na kayaki. Yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, uliokuwa bado vipande vya plaiwudi, vyote vimekatwa kiwandani, na chupa mbili za gundi, na kitabu cha maelekezo. Daktari alikuwa amefurahi sana, akamwambia babake:

"Tata, kila kitu kimekatwa tayari. Hutahitaji msumeno wala ngazi. Ni kuunganisha tu."

Fundi alilitazama sanduku kama mtu aliyewekewa ugali uliokwisha tafunwa.

Ukweli wa mambo ulitoka jioni hiyo tukinywa chai, mimi nikijifanya natafuta kijiko. Kikombe cha Fundi kilikuwa kinagonga sahani, tk tk tk, na chai inatembea mezani.

"Tata, mkono unatetemeka," Daktari akasema.

"Ni kikombe."

"Nimekupa changu. Nacho kinatetemeka."

"Basi ni chai."

Daktari hakucheka. Akasema amepata nyumba ya chini kule Nairobi, haina ngazi hata moja, na kwamba karakana ifungwe kabla msumeno haujachukua kidole. Alisema kwa heshima, lakini alikuwa ameshapima hata kitanda kitakaa wapi. Magokoro alitazama sakafu. Fundi akaweka kikombe chini, akakishika kwa mikono yote miwili kama kinaweza kukimbia.

"Hilo sanduku," akasema. "Nitaunganisha zile mbao ndefu mbili za chini. Nitapitisha ukucha. Ukikwama, nitafunga karakana mwenyewe na ufunguo nakupa. Usipokwama, hiyo nyumba isiyo na ngazi mpangishe mtu asiye na miguu."

"Jumapili ya wiki ijayo nitarudi kuona," Daktari akasema.

"Njoo mapema, siku ya Sabato. Utaimba."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mezani: karakana, kwa ukucha mmoja. Na fundi mwenza katika jambo hili zito alikuwa mimi, mtangaza chapati.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani kuunganisha plaiwudi ni kupaka gundi na kwenda zako. Kayaki ina urefu wa hatua saba za Fundi, na hakuna sanduku la kubeba mbao ya urefu huo, ndiyo maana kila mbao ndefu huja nusu mbili. Zile ncha zinapokutana zimechongwa mshazari, zinaishia nyembamba kama ulimi wa mbuzi. Unalaza ulimi juu ya ulimi, gundi katikati, nusu mbili zinakuwa mbao moja. Ulimi ukipanda juu kidogo, ukucha unakwama. Na zile nusu zisipolala kwenye mstari mmoja ulionyooka, kosa la unene wa ukucha hapa katikati linakuwa mkono mzima kule mwisho, unapata kayaki iliyopinda kama ndizi, na mwenye kuipanda atazunguka ziwani mpaka ajione mgongo.

Kitabu cha maelekezo Fundi alikifungua, akaona picha ya mzungu anatabasamu na brashi, akakifunga. "Anayecheka akiwa na gundi mkononi hajawahi kuitumia," akasema. Akakikunja, akakiweka chini ya ule mguu mfupi wa meza. Kikafaa kabisa.

Tatizo likawa mahali. Kazi hii inataka sehemu tambarare, na Manga haina. Tulizunguka na pima maji siku mbili. Ukiiweka sebuleni kwa Fundi, kile kiputo cha hewa ndani yake kinakimbia upande mmoja kama mtoto aliyeona sindano. Kwetu, hivyo hivyo. Uwanja wa shule ya msingi, mpira ukitoka unafuatwa kwa bodaboda. Siku ya tatu Fundi akasimama katikati ya njia, akasema, "Kanisani."

Sakafu ya kanisa ilikuwa mpya, saruji laini, na aliyeipiga pima maji alikuwa yeye. Njia ya katikati, kutoka mlangoni hadi mimbarini, ilikuwa ndefu na tambarare kuliko kitu chochote tulichonacho huku juu. Ufunguo alikuwa nao. Ijumaa saa tisa mchana tulibeba zile mbao, uzi wa kunyoosha, gundi, na karatasi mbili za nailoni za kutandika chini ya viungo ili gundi ikichuruzika isishike sakafu. Kwa uzito tulibeba ndovu wawili wa mawe laini ya kuchonga kutoka kule Tabaka, kila mmoja mkubwa kama mtoto wa kuanza shule, ambao Fundi alipewa na mchongaji mmoja aliyeshindwa kuwauza kwa sababu walikuwa wanacheka.

"Tutakaa saa mbili," Fundi akasema. "Gundi ishike, tutoe, tufagie. Jua likizama pawe pasafi."

Mvua ikaanza. Mkono wake siku hiyo ulikuwa unaruka vibaya, lakini nilichokiona sitakisahau: alipokuwa anapaka gundi alifunga kiwiko ubavuni, akashika pumzi, na brashi ikatulia. Ulimi kwa ulimi. Kila mara akipumua, anaondoa brashi kwanza. Alifanya kiungo kimoja kama mtu anayepiga mbizi.

Katikati ya kazi akanituma kwa Magokoro nikachukue kitambaa kikavu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kuuliza kama una ndugu. Nikachukua nailoni moja, nikajifunika kichwa, nikakimbia. Kwa Magokoro kulikuwa na ndizi za kuchemsha na moto. Nilirudi na kitambaa na tumbo lililojaa, nailoni nimeisahau imetundikwa msumarini jikoni.

Fundi alikuwa ameinua mbao ya pili ananisubiri, amepiga magoti, pumzi imefungwa.

"Umeweka nailoni?"

Ningesema hapana ningerudi mvuani. "Nimeweka," nikasema.

Akalaza mbao. Tukamweka ndovu.

Ile gundi ina chupa mbili ambazo kila moja ni mpole, ukizichanganya zinapandwa na hasira na kushupaa. Kumbe hasira yenyewe inataka joto. Saa mbili zikapita, Fundi akagusa tone lililochuruzika pembeni. Uji. Saa kumi na moja na nusu, bado uji, umeongezwa sukari tu. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya kanisa. Akatazama dirishani, akatazama mbao, akatazama dirishani. Tukiziinua sasa, ndimi zitateleza na kazi yote imekwenda. Jua, pale linapokuwa nyuma ya mawingu, lilizama.

Fundi akaweka brashi chini.

"Tuziondoe tu, Fundi," nikamwambia. "Dakika tano."

"Butu," akasema, "yule mama wa Ikonge yuko hai na ana kumbukumbu nzuri."

Tukaenda nyumbani.

Asubuhi shemasi ndiye aliyefungua kanisa. Alikuja mbio kwa Fundi akiwa na tai nusu shingoni.

"Mzee, kuna ndovu mbele ya mimbari."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Basi hakuna aliyeibwa," Fundi akasema, akaendelea kufunga viatu.

Sijawahi kuona Sabato tamu kama ile. Watu waliingia kwa mstari mmoja kila upande, wameinua sketi, wanavuka mbao kama wanavuka mto. Bibi mmoja alimpa ndovu mkono. Katika mafunzo ya asubuhi somo lilikuwa kuhusu subira, lakini lilidumu dakika mbili. Saa nzima iliyobaki tulijadili kama gundi inayokauka Sabato inafanya kazi au la.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si tunamtoa?" mmoja akasema. "Tuziondoe hizi mbao."

"Ziko shimoni?" Fundi akauliza.

"Haziko."

"Basi ziache."

"Lakini mzee, gundi yako inafanya kazi," shemasi akasema. "Wewe umelala, yenyewe iko kazini."

Fundi akasimama. "Amri inamtaja mtumishi na mnyama wa kufuga. Gundi si mtumishi wangu na siifugi. Na kwa habari yenu, haifanyi kazi. Imepumzika, ndiyo maana haisogei."

Daktari alikuwa amekaa nyuma, amefika na tai yake ya Nairobi, ameinamisha kichwa kama anaomba. Mabega yalikuwa yanacheka. Mhubiri alipopanda mimbarini alivuka mbao mbili, akatutazama, akasema hubiri lake lilikuwa kuhusu njia iliyonyooka na anaona ameletewa mfano.

Jumapili asubuhi tulirudi: Fundi, Magokoro, Daktari, shemasi kwa niaba ya sakafu, na mimi kwa niaba ya dhambi zangu. Gundi ilikuwa jiwe. Mbao ya kwanza ikainuka vizuri, nyepesi, ndefu, nusu mbili zimekuwa kitu kimoja. Mbao ya pili ikakataa.

Fundi akavuta. Daktari akavuta. Wakavuta pamoja, ikasikika sauti kama mfupa wa kuku, na mbao ikaja na kipande cha kanisa. Kweli. Duara la saruji kubwa kama sahani, limeng'ang'ania plaiwudi, na sakafuni shimo la umbo hilo hilo. Lakini kiungo hakikuachia. Sakafu ndiyo iliyoachia.

Fundi akaugeuza ule upande, akautazama, akanitazama.

"Butu, hapa kulikuwa na nailoni?"

Shemasi, Daktari, Magokoro, wote wakageuka. Nikaona nikisema uongo mwingine hata ndovu wataguna.

"Ilikuwa kichwani kwangu, Fundi. Mvua."

Akainua macho hadi kichwani kwangu. "Na huko kichwani kulikuwa na kitu cha kukinga?"

"Hapana, Fundi."

"Hmm," akasema. Ile "hmm" ya ukucha uliopita. Sikuielewa siku hiyo.

Kisha akaweka ile mbao ya kwanza juu ya benchi, akafumba macho, akatoa kidole gumba. Daktari aliacha kucheka. Ukucha ukashuka juu ya mbao, na mkono ukaanza kuruka. Tk. Tk. Tk tk. Ukatembea kama kuku anayedonoa, ukavuka kiungo, ukaendelea kudonoa upande wa pili. Alifungua macho. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Nimesikia," akasema, na mkono mwingine ukaingia mfukoni kutafuta ufunguo.

Na mimi, unajua, kimya huwa kinaniwasha.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Umesikia mara ngapi?"

Akafikiri, maana ni mtu wa haki. "Mara saba."

"Na kiungo ni kimoja."

"Butu, nyamaza," mamangu angesema kama angekuwepo. Lakini Daktari alikuwa ameinua kichwa. "Rudia," akaniambia.

"Kiungo kimoja hakiwezi kukwamisha ukucha mara saba. Mbao labda imekwamisha mara moja, au hata hiyo haikukwamisha. Sita zilizobaki ni za mkono wa Fundi."

Wakatafuta ukucha mwingine. Daktari alinyoosha vidole vyake, kucha zimekatwa hadi nyama kwa sababu ya midomo ya watu. Shemasi alikuwa na ukucha mmoja mzuri lakini alikuwa upande wa sakafu, hakuaminika. Mimi nikaficha mikono nyuma. Ndipo Magokoro akaweka kikapu chini, akafumba macho, akautoa ule ukucha wa gumba wa kuchumia chai.

Akaburuta kutoka huku. Ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho kule, ukaanguka hewani. Akafungua macho.

"Kiungo chenyewe kiko wapi?" akauliza.

Daktari aligeuka akatazama dirishani muda mrefu, na nje hakukuwa na kitu, ni ukungu tu.

"Mapatano yalisema ukucha wangu," Fundi akasema, mkaidi mpaka kwenye kushinda.

"Omogaka," Magokoro akamwambia, "tangu mkono uanze kuruka ni nani anayekukata kucha? Hizo ni zangu. Nakuazima."

Ufunguo ukabaki mfukoni. Daktari alichukua ngazi ya karakana tu, akaibeba juu ya gari mahali lilipokuwa sanduku, na njia nzima watu wakavua kofia kama wanaopisha jeneza.

Lile shimo la sakafu nililiziba mimi, kwa saruji na mwiko, Fundi amekaa kwenye benchi. Nililibomoa mara nne. Kitabu cha maelekezo tulikitoa chini ya meza baadaye; kilikuwa kimeandika wazi kwamba penye baridi uiache gundi siku nzima. Fundi alisoma, akakirudisha chini ya mguu, akasema kingeongea mapema.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa likizo hii ya Agosti. Niko kidato cha nne sasa. Kayaki ilikamilika zamani. Imetundikwa karakanani, inang'aa kama asali, na ndani, pale chini ya kiti, ameacha kijipande cha saruji cha ukubwa wa kitufe hakukipiga randa. Haijawahi kugusa maji. Nilipomwuliza itaenda ziwani lini, alikiri kitu ambacho miaka yote hakuna aliyekijua isipokuwa Magokoro: anaogopa maji. Hata mto akivuka anafumba macho.

"Sasa kwa nini uliiunganisha?"

"Majeneza nimetengeneza mangapi?" akasema. "Umeona nikilala ndani?"

Kuku wawili wanataga humo. Daktari anajua, na hasemi.

Siku hiyo alikuwa anatengeneza meza ya mamangu. Mikono sasa inaruka yote miwili. Alikuwa ameunganisha mbao mbili za juu, amekaa mbele yake, hajazigusa. Nikaona anatazama mikono yangu. Nimeacha kula kucha. Sisemi ni kwa sababu yake, labda ni utu uzima. Wa gumba umekuwa mrefu.

"Lete," akasema.

Akaushika mkono wangu kama anavyoshika patasi, akakinyoosha kidole gumba, akafumba macho yake. Akaanza kuuburuta. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya wangu, lakini wangu ulikuwa umetulia, nikausikia ukucha unapita kwenye mbao, laini, laini, kisha, katikati, kitu kidogo. Kama punje ya chumvi.

Hakufungua macho. "Umesikia nini?"

Mamangu alikuwa anaingoja ile meza tangu Juni. Magokoro alikuwa mlangoni na chai, ameacha kutembea. Nilimtazama Fundi, kope zimefungwa, ananisubiri kama alivyonisubiri siku ile ameinua mbao.

"Imekwama, Fundi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja tu? Una hakika?"

"Moja. Hapa."

Akafungua macho, na ule uso wa kitambulisho ukaharibika kabisa. Meno yote yakatoka nje, hata yale ambayo Daktari alisema yang'olewe.

"Basi ni mbao," akasema. "Si mkono. Mbao tunaiweza." Akanisukumia randa. "Bomoa."